Dungu la Mpunga na Mnara wa Tokyo: Katavi Inavyoweza Kutazamwa kutoka Juu

Jukwaa la kutazamia, yaani sakafu iliyoinuliwa kwa makusudi ili mtu asimame juu yake na kuiona nchi iliyo chini na mbele yake, ni miongoni mwa vitu ambavyo msafiri nchini Japani hukutana navyo karibu katika kila mji mkubwa, kiasi kwamba ratiba ya kuitembelea Tokyo, Osaka, Nagoya, Kobe au Sapporo isiyotenga muda wa kupanda mnara huonekana kuwa na upungufu. Katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa na wenye makao makuu yake Mpanda, minara ya namna hiyo haipo, na ni vigumu kuona sababu ya kuijenga. Hata hivyo mkoa huu una magenge ya Bonde la Ufa, una mbuga tambarare zinazofurika masika na kukauka kiangazi, una ufuko wa Ziwa Tanganyika, na una wakulima ambao tangu zamani wamejua kuinua majukwaa katikati ya mashamba yao. Makala hii inachunguza kile ambacho Japani imekijenga juu ya minara yake, na inashika msimamo kwamba sehemu yake iliyo bora ni mpangilio wa kutazama, ambao unaweza kuhamishiwa Katavi bila chuma wala zege la kutisha.

Wajapani hawakuanza kupanda juu kwa ajili ya starehe. Katika mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, nyumba nyingi zilikuwa za mbao na karatasi, na moto ulikuwa adui aliyerudi kila msimu wa baridi. Moto mkubwa wa mwaka 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na jengo kuu la ngome ya mtawala, ambalo halikusimamishwa tena hadi leo. Kutokana na maafa ya namna hiyo mji uliunda vikosi vya zimamoto na kueneza mitaani minara ya mbao inayoitwa hinomi yagura, yaani minara ya kulindia moto, ambamo mlinzi alikaa akitafuta moshi na kugonga kengele ili wakazi wajue hatari inatokea upande gani. Mtu aliyekuwa juu alikuwa kazini, na mandhari aliyoyaona yalikuwa sehemu ya wajibu wake.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1890, pale katika mtaa wa Asakusa lilipofunguliwa jengo la ghorofa 12 lililoitwa Ryounkaku, lililobuniwa na mhandisi Mskoti W. K. Burton, ambalo watu walilipa kiingilio ili wapande tu na kutazama. Jengo hilo lilikuwa na lifti ya umeme, iliyosimamishwa baada ya muda mfupi kwa sababu za usalama, na tetemeko kubwa la ardhi la tarehe 1 Septemba 1923 liliivunja sehemu yake ya juu, kisha mabaki yakabomolewa. Hivyo ndivyo ulinzi ulivyogeuka kuwa matembezi: kimo kilekile kilichomsaidia mlinzi kuuona moto kiligunduliwa kuwa na thamani hata pale ambapo hakuna kitu kinachoungua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia matembezi hayo yalipata mfadhili ambaye hakutarajiwa, nao ni utangazaji wa televisheni. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu katika mstari ulionyooka, kwa hiyo antena inapaswa kusimama juu ya kila kitu kinachoweza kuyazuia, na kwa sababu hiyo Nagoya ilijenga mnara wake mwaka 1954, Sapporo mwaka 1957, na Tokyo mwaka 1958, yote mitatu ikibuniwa na mhandisi Tachu Naito. Mnara wa Tokyo una kimo cha mita 333, na kumbi zake za kutazamia ziko kwenye mita 150 na mita 250. Majengo marefu yalipozidi kuuzunguka, na utangazaji wa dijitali ulipoanza, ilibidi upatikane mnara mrefu zaidi, ndipo mwaka 2012 ulipofunguliwa ule unaoitwa Tokyo Skytree, wenye mita 634, ambao lifti yake humfikisha mgeni kwenye ukumbi wa mita 350 kwa muda wa sekunde 50 hivi, na kutoka hapo mwenye kutaka huendelea hadi mita 450. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika minara hii mtazamaji ni mpangaji tu ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya antena, lakini ni mpangaji anayelipa vizuri, kwa kuwa tiketi zake husaidia kurudisha gharama ambazo mawimbi peke yake yasingeweza kuzibeba kwa urahisi. Minara ya simu inayosimikwa mahali pa juu mkoani Katavi, kama kwingineko nchini, hutumika kwa mawimbi peke yake. Uzio wake hufungwa kwa kufuli, na kilima chote hugeuka kuwa mali ya mtambo.

Si kila ukumbi nchini Japani unauzwa kwa bei. Jengo la Serikali ya Jiji la Tokyo lililoko Shinjuku, kazi ya msanifu Kenzo Tange, lenye kimo cha mita 243, lina kumbi za kutazamia katika ghorofa ya 45, mita 202 kutoka ardhini, na mgeni huingia bure. Uamuzi huo una maana ya kiserikali, kwani jiji linakubali kwamba mkazi wake, hata asiye na fedha, ana haki ya kuiona nchi anayoilipia kodi, na halmashauri yoyote inayowaza kuweka kituo cha kutazamia ingefaa iupime mfano huo kabla ya kuchapisha vitabu vya stakabadhi.

Kilicho muhimu kuliko kimo ni kile kinachomsubiri mgeni juu. Chini ya madirisha huwekwa mabamba marefu yenye picha ya mandhari yaleyale anayoyaona, kila kilima, mto, daraja na jengo kikiwa kimeandikwa jina lake na mara nyingi umbali wake, kwa hiyo mtu asiyeujua mji hushuka akiwa anaujua. Katika ukumbi wa mita 350 wa Skytree imewekwa pia nakala ya picha iliyochorwa mwaka 1809 na Kuwagata Keisai, inayoionyesha Edo yote kana kwamba mchoraji alikuwa angani, ilhali wakati huo hapakuwa na mahali popote pa kusimama ambapo angeweza kuuona mji namna ile; mchoraji aliijenga picha hiyo akilini kutokana na aliyoyajua akiwa ardhini. Mgeni huisoma picha, kisha huutazama mji, na umbali wa miaka zaidi ya 200 kati ya viwili hivyo humfundisha zaidi kuliko sakafu ya kioo inayowafanya wengine wapige kelele.

Afrika Mashariki nayo haikukosa majengo ya kupandwa. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, iliwapa waliokuwa kwenye baraza zake za juu mwonekano wa bandari nzima, mpaka sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nairobi ina jengo la mikutano la KICC, lililofunguliwa mwaka 1973, ambalo paa lake limekuwa likipokea wageni wanaolipa ili walione jiji. Majengo hayo mawili ni ya miji ya biashara na dola; Mpanda, uliokua kutokana na madini ya risasi na tawi la reli linaloanzia Kaliua, una mahitaji mengine.

Hesabu ya upeo

Umbali ambao jicho linaweza kufika kabla ya ardhi kujipinda na kujificha, yaani umbali wa upeo wa macho, hufuata kanuni nyepesi. Ukichukuliwa kimo cha jicho kwa mita, ukatafutwa mzizi wake wa mraba, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe hutoa kimo hicho, kisha ikazidishwa kwa 3.57, hupatikana umbali wa upeo kwa kilomita, bila kuhesabu kupinda kidogo kwa mwanga hewani. Mtu aliyesimama mbugani, jicho lake likiwa mita 1.6 kutoka ardhini, anaona hadi kilomita 4.5 hivi. Akipanda jukwaa linaloliweka jicho lake kwenye mita 8, upeo wake unakuwa zaidi kidogo ya kilomita 10. Akiwa katika ukumbi wa mita 450 wa Skytree, anafika karibu kilomita 76.

Kutoka mita 8 hadi mita 450 kimo kimeongezeka zaidi ya mara 56, lakini umbali unaoonekana umeongezeka mara saba na nusu tu. Kwa maneno mengine, mita za kwanza ndizo zenye faida kubwa kuliko zote, na kila mita inayofuata huleta kidogo kuliko iliyotangulia huku gharama yake ikizidi. Mbugani faida hiyo ya mwanzo ni kubwa hata kuliko kanuni inavyoonyesha, kwa sababu nyasi za Katavi mwishoni mwa masika zinaweza kumzidi mtu kimo, na aliye ardhini haoni kilomita 4 wala mita 40; anaona majani. Katika Tokyo, ambako kila ghorofa huzibwa na ghorofa ya jirani, hakuna njia isipokuwa kwenda juu kupita yote, lakini katika uwanda wa Katisunga, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, nguzo nne na ngazi zingetosha.

Wakulima wa Katavi hawakuhitaji kanuni hiyo ili kuifuata. Katika mashamba ya mpunga na mahindi ya Mpimbwe na kwingineko, mtu hukuta dungu, ambalo sehemu nyingine huitwa ulingo, yaani jukwaa la fito lililoinuliwa juu ya nguzo na mara nyingi kuezekwa kwa nyasi, ambamo mlinzi wa shamba hukaa mchana kuwafukuza ndege kwa kelele na kombeo, na usiku kusikiliza kama kuna nguruwe pori, viboko au tembo wanaokuja kula mazao. Dungu huwekwa mahali ambapo pembe zote za shamba zinaonekana, hugeuziwa mgongo upepo mkali, na kimo chake hupimwa kwa kimo cha mazao yatakapokomaa, wala si kwa kimo chake siku ya kulijenga. Hayo ni maarifa ya usanifu kamili, hata kama hayajaandikwa katika kitabu chochote cha chuo. Undugu wa dungu na minara ya moto ya Edo uko wazi, kwa kuwa vyote viwili vilizaliwa na hofu ya kupoteza mali, na vyote vilimweka juu mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukesha. Tofauti ni kwamba Japani ilimaliza safari ya kutoka ulinzi hadi matembezi kwa kipindi cha vizazi vichache, ilhali dungu la Katavi bado liko kazini, na katika vijiji vinavyopakana na hifadhi kazi hiyo ni ya hatari.

Uwanda, genge na mto

Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na baadaye kupanuliwa hadi kufikia kilomita za mraba 4,471, imelala katika tawi la Bonde la Ufa linaloendelea kutoka Ziwa Rukwa kuelekea kaskazini-magharibi, katikati ya magenge mawili, yaani miinuko mikali ya ardhi inayoonyesha mahali ambapo tabaka la nchi lilikatika na upande mmoja ukazama. Upande wa magharibi kuna Lyamba lya Mfipa, ambalo juu yake ndiko iliko nyanda ya Ufipa, na upande wa mashariki kuna genge la Mlele. Kati yao mna misitu ya miombo, uwanda wa Katisunga, na maziwa ya msimu ya Katavi na Chada, ambayo masika huwa maji na kiangazi hugeuka mbuga ya nyasi na matope yaliyopasuka.

Ni kiangazi, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba, ambapo hifadhi hii huonyesha kile kilichoipa sifa duniani. Mto Katuma hubaki na vidimbwi vichache, na viboko kwa mamia hujibana ndani ya matope yanayozidi kupungua, wakipigania nafasi; mamba hujificha ndani ya mapango ya kingo za mto wakisubiri mvua; makundi makubwa ya nyati husogea kutoka nyasi moja hadi nyingine. Mgeni huyaona hayo kutoka ndani ya gari, kipande kwa kipande, na akirudi kwao huwa na picha nzuri za viboko bila kujua maji yao yametoka wapi wala yameenda wapi. Hapo ndipo kimo kinapokuwa cha lazima, kwa kuwa habari kubwa ya Katavi ni habari ya mto, na mto hauelezeki kwa kuangalia kidimbwi kimoja.

Katuma hukusanya maji yake katika nchi ya juu kuzunguka Mpanda, hupita katika mabonde ya mpunga, hufika Sitalike ambako ndiko makao makuu ya hifadhi na ambako viboko huonekana karibu kabisa na makazi ya watu, huingia katika ziwa Katavi, huendelea hadi Chada, na kutoka huko maji hutelemka kwa Mto Kavuu kuelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Kila mkondo wa maji unaochepushwa juu kwa ajili ya mashamba unapunguza kinachofika chini, na wataalamu wa ikolojia wamehusisha ukame wa Katuma wa miongo ya karibuni na uchepushaji huo pamoja na kufyekwa kwa misitu katika vyanzo. Mkulima wa mpunga anatenda haki yake ya kula, na kiboko hana namna ya kuhudhuria kikao cha watumia maji. Mtu aliyesimama mahali ambapo shamba, mbuga na ziwa vinaonekana kwa pamoja angeielewa hoja hiyo kwa muda mfupi kuliko atakavyoielewa katika semina ya siku nzima, na hii ni sababu mojawapo ya kutaka jukwaa la kwanza la Katavi litumiwe na wanafunzi wa shule za Mpanda kabla ya watalii wa kigeni.

Mahali penyewe papo. Barabara inayotoka Kizi kwenda Sitalike hutelemka Lyamba lya Mfipa, na dereva anayetoka Sumbawanga huiona nchi ikifunguka mbele yake bila onyo, misitu ikienea hadi inapogeuka kuwa rangi ya buluu. Ikichukuliwa kwamba mtu amesimama mita 500 juu ya uwanda, kanuni iliyotajwa inampa upeo wa kilomita 80 hivi, ambao ni mrefu kuliko ule wa ukumbi wa juu wa Skytree, na hakuna aliyetumia hata nondo moja kuupata. Kinachokosekana ni eneo la kuegesha gari nje ya kona, kizuizi imara ukingoni, kivuli, choo, na bamba la maelezo. Lori lililoharibika breki na familia inayopiga picha haviwezi kugawana ukingo uleule wa barabara, kwa hiyo sharti la kwanza ni la uhandisi wa barabara kabla halijawa la utalii.

Tanzania ina mifano ya nyumbani ya kazi ya aina hii. Kituo cha kutazamia kilicho kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro humweka mgeni mita 600 hivi juu ya sakafu ya kreta, na wengi huikumbuka dakika ile ya ukingoni kuliko saa walizozunguka chini. Irente, karibu na Lushoto, ni mwamba unaotokeza kwenye ukingo wa Usambara, na wanakijiji na wageni hukaa hapo kuangalia nyika iliyo chini yao. Katika sehemu zote mbili ardhi ndiyo iliyofanya kazi ya mnara, na binadamu aliongeza njia na ukingo.

Waliokuja kutazama

Uhusiano kati ya Japani na vilima vya sehemu hii ya Tanzania una historia ambayo haisemwi mara nyingi. Kuanzia mwaka 1961 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Kinji Imanishi na Junichiro Itani, walifika kwenye nchi iliyo mashariki ya Ziwa Tanganyika kutafuta sokwe mtu, wakaanza Kabogo na baadaye wakahamia Kasakati. Mwaka 1965 Toshisada Nishida alianzisha utafiti katika Kasoge, chini ya milima ya Mahale, ambayo iko upande wa Kigoma lakini inapakana na nchi ya Katavi; kazi yake ilichangia kutangazwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale mwaka 1985. Watafiti wengine wa Kijapani waliifuata misitu mikavu ya miombo upande wa Ugalla, ambako sokwe ni wachache na huzunguka katika maeneo makubwa mno, na walijifunza kutoka kwa Watongwe na Wabende namna ya kuisoma nchi hiyo.

Mbinu yao mojawapo kuu ilikuwa kupanda. Sokwe hujenga viota vya kulalia juu ya miti, na mtafiti aliyesimama kwenye mgongo wa kilima, akiwa na darubini, anaweza kuvihesabu viota vilivyo kwenye mteremko wa ng'ambo, jambo ambalo haliwezekani kwa anayetembea bondeni chini ya majani. Kwa hiyo kabla ya Tokyo kumaliza miaka kumi ya mnara wake, Wajapani wachache walikuwa tayari wameketi juu ya miinuko ya nchi hii wakifanya kile ambacho minara ya kwao iliwafanyia watalii, isipokuwa kwamba walikaa muda mrefu zaidi na waliandika walichokiona. Ramani na majina ya vilima waliyoyakusanya yangekuwa mwanzo mzuri wa bamba la maelezo, na yangekuwa ushirikiano wenye mizizi kuliko zawadi nyingi zinazofunguliwa kwa utepe.

Upande wa ziwa, Karema inatoa mfano mwingine wa kutazama kwa shari. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili, alijenga hapo ngome juu ya mwinuko ulioelekea maji, ili walio ndani waone nani anakuja kutoka ziwani na nani anatoka bara. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers, na kuanzia mwaka 1889 hadi kifo chake mwaka 1956 alifanya kazi hapo Adrien Atiman, tabibu na katekista aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani utotoni na kukombolewa na wamisionari. Ngome ilikuwa karibu na maji ilipojengwa, lakini ziwa liliondoka. Katika miaka hiyohiyo Mto Lukuga, ulio ng'ambo nchini Kongo, ulikuwa umevunja kizuizi cha tope na mimea kilichouziba mlango wake, na usawa wa Ziwa Tanganyika ukashuka kwa mita 10 hivi katika miongo iliyofuata, ukiiacha Karema ikitazama nchi kavu mahali palipokuwa na mawimbi. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kufunika fukwe na makazi katika nchi zinazolizunguka ziwa. Bamba moja tu kwenye mwinuko huo, likionyesha mahali maji yalipofika mwaka 1879 na yanapofika leo, lingewaeleza wavuvi na abiria wa bandari ya Karema jambo ambalo wengi wanalijua kwa mababu zao bila kuliona limepimwa.

Si kila mahali pa juu au penye mandhari panafaa kufunguliwa. Karibu na ziwa Katavi kuna mkwaju unaoaminiwa kuwa makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa kale ambaye hifadhi imebeba jina lake, na wenyeji bado huacha sadaka chini yake kuomba baraka. Mti huo hauhitaji jukwaa, ngazi wala taa, na mpango wowote wa utalii unaoukaribia unapaswa kuanza kwa wazee wanaouhudumia na kukubali jibu lao hata likiwa la kukataa. Kadhalika jukwaa la mbugani linapaswa kuwekwa mbali na vidimbwi vya mwisho vya kiangazi, kwa kuwa kiboko aliyezuiwa njia ya maji ni hatari, na kiboko aliyehamishwa na kelele za wageni hana kidimbwi kingine cha kwenda.

Ujenzi wenyewe haupaswi kuwa mkubwa. Jukwaa la mbao ngumu au chuma lenye mita 6 au 7, linaloweza kubeba watu kumi, lenye kinga ya radi kwa sababu masika ya Katavi yana ngurumo za kutisha, lingefanya kazi yote inayotakiwa katika uwanda, na fundi anayejua dungu angeweza kuwaonyesha wahandisi mahali pa kulisimika. Maelezo yake yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, majina ya milima na mito yakiwa yale yanayotumiwa na Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Wafipa wanaoishi hapo. Mnara wa ghorofa nyingi katikati ya Mpanda, ambao mara kwa mara huonekana kuwa ndoto ya maendeleo katika miji inayokua, ungeonyesha mabati ya Mpanda na kuacha deni.

Linabaki suala la majira, na hapo Japani na Katavi zinatofautiana kwa namna inayoweza kuwa faida. Tokyo huuona Mlima Fuji, ulio umbali wa kilomita 100 hivi, vizuri zaidi asubuhi za baridi, hewa ikiwa kavu na safi, kwa hiyo majira makavu ndiyo majira ya kupanda. Katavi ni kinyume chake: kiangazi, wanyama wanapokusanyika, moshi wa mioto ya nyika na vumbi huifunga hewa, na kutoka juu ya Lyamba lya Mfipa uwanda huweza kuonekana kama umefunikwa na shuka la kijivu. Mvua ndiyo inayoiosha hewa, na baada ya dhoruba ya Machi au Aprili nchi huonekana hadi mwisho wa jicho, maziwa yakiwa yamejaa. Miezi hiyo ndiyo ambayo udongo mweusi wa mbuga hunata na barabara nyingi za ndani ya hifadhi hazipitiki, kambi hufungwa, na waongozaji wageni wa Sitalike na Mpanda hukaa bila kazi. Kituo kilichowekwa juu ya genge, kando ya barabara inayopitika mwaka mzima, kingefanya biashara yake kubwa wakati huohuo ambapo uwanda hauna biashara, kikiwapa waongozaji hao wageni wa masika ambao hawahitaji gari kuingia matopeni ili waione Katavi ikiwa na maji.